Uso wa Wiki ya Sita

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na yule jirani yako fundi cherehani bado anakuja kukusomea habari na bado mnagombana. Sisi hatujambo. Mume wangu anavuta mguu tena lakini hataki kwenda hospitali, anasema ni viatu. Binti yangu amemaliza mwaka wa kwanza chuoni na amenyoa nywele zote. Anasema ni joto. Kichwa kimemkaa vizuri, siwezi kukataa.

Naandika barua ya karatasi kwa sababu kwenye simu huwa unanikata katikati ya maneno ukisema chaji imeisha. Karatasi haiishi chaji.

Maktaba imenikabidhi masanduku kumi na moja ya majarida ya zamani ya wanawake, niyaandalie maonyesho na kijitabu. Limo na lile jarida lenu, lile ulilokuwa ukifunga vifurushi vyake vya posta kabla sijaanza shule. Nimekaa nayo wiki tatu kwenye chumba cha chini, chenye taa ya mrija inayolialia, na nimepata hasira ya kunitosha mpaka uzeeni.

Sikiliza. Tangazo la dawa ya sakafu: mwanamke amepiga magoti, anatabasamu, na mbele yake kuna kiatu cha mwanamume. Kiatu tu. Mwenye kiatu hakuona haja ya kuingia kwenye picha. Tangazo la vidonge vya kichwa: "Meza saa kumi na moja, akirudi akukute mchangamfu." Hawakuwa wanamtibu kichwa, walikuwa wanamnyamazisha. Tangazo la dawa ya meno: "Je, mumeo amekuwa mkimya siku hizi? Huenda ni pumzi yako." Shangazi, kuna mtu mzima aliyelala na swali hilo kitandani! Katika jarida moja nimehesabu wanawake arobaini na wanne na hakuna hata mmoja aliyefumba mdomo. Wote meno nje. Hata yule wa dawa ya kuhara.

Nitawaumbua. Lakini nataka kuwaumbua kwa ushahidi, kwa hiyo nisaidie: nani alikuwa akiandika maneno yale? Wale wanawake wa kwenye picha walitoka wapi?

Na jambo la pili, najua utanuna. Tangu anyoe, binti yangu anajitazama kwenye kioo na kuniuliza anafanana na nani. Si mimi, si baba yake. Nikamwambia labda bibi yako, mama yangu. Akauliza, "Bibi alikuwaje?" Nina miaka hamsini na miwili, Shangazi, na siujui uso wa mama yangu. Nilichobaki nacho ni harufu, tamu na ya baridi, kama maua yaliyofungiwa kabatini. Nikikutana nayo mahali, dukani au kwenye lifti, huwa nasimama kama mtu aliyeitwa. Kweli hakuna picha hata moja iliyopona? Hata ya kitambulisho?

Mpwa wako,
Pilipili


1 Machi

Marahaba, mwanangu Pilipili.

Barua yako imekaa juu ya kabati wiki mbili, kwa sababu fundi cherehani alikuwa na sare za shule za kushona, na mimi jicho la kulia limevuta pazia. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, atamtoa mwezi wa tano. Nimemwambia sijawahi kuzaa, aniachie huyo mmoja. Hakucheka. Madaktari wa siku hizi wamesomea wapi?

Anayeandika hapa ni fundi, mimi nasema tu, kwa hiyo ukiona kosa ni lake. (Anasema si lake.)

Mumeo aende hospitali, viatu havivuti mguu. Binti mwache na kichwa chake.

Kuhusu jarida, nakumbuka kidogo sana. Nilikuwa chini, kwenye kamba na gundi. Waliokuwa wakiandika walikuwa watu kama wewe. Aliyeandika lile la pumzi alikuwa mjane mwenye watoto wanne, hakuwa na mume wa kumnyamazia, na mwaka ule mzima alikuwa anaumwa jino.

Na wewe unasoma kwa jicho moja kuliko mimi. Ukurasa wa ishirini na mbili, kila mwezi, kulikuwa na somo. Jinsi ya kusoma mkataba wa kazi. Jinsi ya kubadilisha fyuzi. Jinsi ya kufungua akaunti bila saini ya mume. Mbona hilo hulitaji? Walituandikia wasomaji kutoka mbali huko kwamba wanaukata ukurasa ule na kuuficha ndani ya foronya. Barua hizo nilizifungua kwa mikono yangu. Ukiwaumbua waliotengeneza, unawaumbua na waliosoma, na waliosoma walikuwa mama zenu.

Picha ya mama yako: nilikujibu ulipokuwa na miaka tisa, nikakujibu ulipokuwa na kumi na mitano, nikakujibu siku ya harusi yako. Maji yaliingia kwenye sanduku. Sina jibu jingine.

Harufu unayoisema siikumbuki.

Shangazi yako


14 Machi

Shikamoo Shangazi,

Mume wangu amekwenda hospitali. Ni mshipa, amepewa mazoezi, anayafanya nyuma ya mlango akidhani simwoni. Msalimie fundi, mwambie makosa ni yake.

Ukurasa wa ishirini na mbili nimeuona na umenishinda, nakiri. Nitauweka kwenye maonyesho. Lakini umesahau ukurasa unaotazamana nao. Wa ishirini na mbili unamfundisha mwanamke kusoma mkataba. Wa ishirini na tatu unamwambia uso wake ni kosa.

Ni tangazo la krimu ya kung'arisha ngozi. Limetoka miezi ishirini mfululizo, halijahama mahali pake. Kushoto kuna uso umeandikwa Wiki ya Kwanza, umefifia, una madoa, macho mazito. Kulia uso umeandikwa Wiki ya Sita, laini kama yai lililomenywa. Katikati mshale. Nikaazima lenzi kwa bwana wa chumba cha ramani hapa maktaba. Shangazi, kwenye ukosi wa blauzi kuna uzi umechomoza na kujikunja kama ndoano. Upo Wiki ya Kwanza. Upo Wiki ya Sita, umejikunja vilevile! Wiki sita huyu mtu hakufua? Hakujikuna shingo? Ni picha moja! Imepigwa mara moja, ikapakwa kwa brashi mara mbili. Niliruka nikagonga taa.

Basi hilo ndilo lango langu. Naikuza picha iwe na kimo cha mlango, watu waingie kwa kupita katikati ya nyuso hizo mbili. Ufunguzi ni tarehe 20 Juni. Na kijitabu kinaanza hivi: "Mwanamke huyu hatujui jina lake, lakini tunajua alichouza. Aliuza uso wake ili wengine wauchukie wa kwao. Mtazameni anavyocheka." Ni kali? Ndivyo ninavyotaka.

Sasa la kwetu sisi wawili. Sanduku la saba lina picha ya wafanyakazi wa jarida. Ghorofa ya pili, dirishani, kwenye meza iliyoinama kama ya mchora ramani, amekaa msichana mwenye brashi nyuma ya sikio. Sioni kamba, sioni gundi. Pua ile naijua, nimekua nikiitazama kwa chini. Kwa nini uliniambia ulikuwa unafunga vifurushi?

Pilipili


30 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mwezi na nusu bila neno. Nimempigia fundi cherehani, anasema u mzima, unakula, na ukiambiwa kuna barua yangu unasema utaisikiliza kesho. Nimekufungia humu nakala ya lile tangazo. Mwambie fundi akuonyeshe uzi. Sitaki kugombana, nataka tu kujua ulifanya kazi gani.

Pilipili


22 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Jicho limefunguliwa wiki iliyopita. Naandika mwenyewe, fundi nimemtuma sokoni, ndiyo maana mistari inateremka. Nimesikia mumeo anatembea vizuri. Hilo jema.

Haya. Nilikuwa brashi. Ndivyo tulivyoitwa, si mtu wa brashi, brashi tu. "Mpelekee brashi." Nilikuwa mwanamke pekee wa ghorofa ile mwenye ufunguo wake. Kwenye picha za watu nilitoa vipele, nikatoa mikunjo, nikatoa kiuno cha mtu kikabaki robo. Nilimpa mke wa mtu mmoja mkubwa shingo ambayo hakuwahi kuwa nayo, na akaja kunishukuru. Brashi zangu nilizikondesha mwenyewe kwa wembe, nyingine zilibaki na nywele tatu. Usinidharau kwa hilo. Ulisomeshwa na brashi zile, mpaka chuo kikuu, mpaka ukajua maneno ya kutukania.

Sikukwambia kwa sababu hukuuliza kwa namna ya kuambiwa. Huwa unauliza kama hakimu.

Nina ombi. Picha ya krimu usiiweke. Waweke wa sakafu, waweke wa vidonge, mweke yule wa pumzi, niweke mimi na brashi yangu sikioni uandike chini yake lolote litakalokujia. Ile moja iache. Na yale maneno ya kuuza uso yafute.

Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe. Fikiri kama ni kweli au si kweli, kisha unijibu.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kwa ajili ya jicho.

Ni kweli, hujawahi kuniomba kitu. Na mimi nakukatalia cha kwanza. Huniambii sababu! Umenilea kwa kunifundisha kwamba asiyetoa sababu hana hoja, ulikuwa ukinipigia meza. Halafu leo unaniandikia "ile moja iache," basi, kama yule bwana wa krimu alivyokuwa akiandika "anza leo."

Unamlinda nani? Kampuni imekufa. Aliyekuwa bwana matangazo wa jarida, kama yu hai, hana meno. Kama unajilinda mwenyewe, sema, nitakuelewa, sitakutaja. Lakini kama ni yule mwanamke unayemhurumia, mimi simhurumii. Nawahurumia waliojichubua mpaka mashavu yakaiva, wakaficha makopo chini ya kitanda, kwa sababu yeye alicheka. Mama yangu angekuwa hai angesimama nami mlangoni pale.

Isitoshe, imeshachapwa na imeshatundikwa. Jana tulikuwa tunapima taa. Binti yangu alisimama chini ya Wiki ya Kwanza na kile kichwa chake cha kunyoa, ameshika waya. Mlinzi wa maktaba, mzee mcheshi, akapita akasema, "Mmemtoa wapi dada yake huyu, mkamtundika ukutani?" Wote wakacheka. Binti akageuka, akaitazama, akacheka naye.

Nikamwambia mlinzi aende zake.

Sikulala vizuri. Si kitu, ni kazi nyingi. Lakini nimekwenda tena leo asubuhi kabla hawajafungua, nikakaa sakafuni mbele yake saa nzima bila lenzi.

Shangazi, nijibu. Haraka.


11 Juni

Mwanangu,

Mlinzi wenu ana macho kuliko wewe na lenzi yako.

Yule ni mama yako.

Siku ile msichana wa picha aliyekodiwa hakutokea. Mama yako alikuwa amepita kuniletea ufunguo wa nyumba niliousahau. Alikuwa amevaa blauzi yangu. Tulivaa nguo moja, mimi na wifi yangu, aliyewahi kuamka ndiye aliyechagua. Bwana matangazo akamwona mlangoni. "Huyu!" akasema. "Huyu ana meno!" Wakampiga picha moja. Moja tu, filamu ilikuwa inaishia.

Nikapewa chapa mbili za picha hiyo. Ya kwanza niliitia kiza, nikaweka madoa kwa brashi ya nywele tatu. Ya pili niliitia weupe kidogo kidogo, nikafuta na lile kovu lake la utotoni chini ya jicho. Siku mbili. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nakwambia ili ujue kwamba niliipenda. Uzi sikuuona kwa sababu ulikuwa uzi wangu. Nilikuwa nimeuvaa miaka miwili.

Walimpa makopo kumi na mawili ya krimu, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema makopo yatafaa kuwekea vifungo na sindano, hata hakuyafungua. Tangazo akalibandika pembeni ya kioo, kwa mzaha. Na usiniulize ilikuwaje, maana yeye alikuwepo, alijua hakupakwa hata tone. Lakini kila asubuhi akijitazama alikuwa anatazama kioo, halafu tangazo, halafu kioo. Miezi ikaenda hivyo. Siku moja nikamkuta amefungua kopo. "Wifi," akaniambia, "nataka nimfikie yule." Alimwita yule. Nikacheka.

Zikapita wiki sita. Akaja chumbani kwangu akasimama kwenye mwanga. "Mbona sijafika?" Nilikuwa na rangi nyeupe chini ya kucha. Nikamjibu, "Ngozi hazilingani, wifi. Endelea kidogo."

Ningeweza kusema: yule hayupo, nimemchora mimi, hata mimi sijawahi kukutana naye. Ni maneno machache. Si kwamba niliogopa kazi. Nilifurahi, mwanangu. Mtu aliyekuwepo, mwenye uso ule, ameiamini brashi yangu kuliko kioo. Nilirudi mezani nikapiga mluzi.

Miguu ilianza kuvimba, kisha uso. Daktari akauliza, "Anapaka kitu gani?" Baba yako, maskini, na akili yake yote ya kutengeneza saa za watu, akajibu, "Hapaki kitu," kwa kuwa hakujua. Nilikuwa nimesimama pale nimekushika mkono. Sikufungua mdomo. Walisema figo. Baadaye, miaka mingi baadaye, nilisikia kwamba krimu zile zilikuwa na zebaki, sumu inayoua figo. Tulimzika akiwa kwenye kopo la kumi na moja, na tangazo likaendelea kutoka miezi sita mingine. Nilikuwa nafika kazini namkuta kwenye kila nakala, anacheka.

Harufu ile naikumbuka. Nilikudanganya. Ni ya kopo.

Baba yako aliniletea picha zote za nyumbani nimtengenezee moja kubwa ya ukutani. Nilikaa nazo, nikashika brashi, mkono ukagoma. Nikazichoma nikasema maji. Aliniamini mpaka akafa.

Nimebaki na kitu kimoja, negativu ya siku ile. Niliitoa kwenye droo ya kazini nilipoacha kazi. Brashi haijaigusa. Imekaa kwenye kopo la vifungo miaka yote hii, na wewe ulikuwa ukilichezea sakafuni, ukilitikisa, nikikunyang'anya. Imo humu, katikati ya karatasi mbili ngumu. Usiishike katikati, ishike pembeni.

Sasa nimekutolea sababu.


28 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimejaribu kukuandikia bila shikamoo, nikachana karatasi nne.

Bahasha ilifika siku mbili kabla ya ufunguzi. Sikuwa na ujasiri wa kuipeleka ikachapwe, nikaiinua kwanza dirishani. Unajua negativu ilivyo, cheusi huonekana cheupe. Nywele zake zikawa nyeupe pe. Nikamwona mama yangu mzee. Amekaa pale kati ya vidole vyangu, bibi wa miaka themanini, anacheka. Nilimtazama mpaka mkono ukafa ganzi.

Kisha nikaipeleka studio. Mama wa studio alikuwa mkarimu, akaitoa kwenye skrini, akaniambia, "Kuna uzi hapa ukosini, na kovu chini ya jicho. Nikuondolee? Hiyo ni bure." Nilimfokea mbele ya wateja. Nilimfokea mpaka nikaona aibu, nikamwomba radhi, nikalia kwenye kiti chake cha kupigia picha za pasipoti, mbele ya lile shuka jeupe.

Wiki ya Kwanza na Wiki ya Sita sikuzishusha. Ziko pale. Katikati, pale ambapo watu walipaswa kupita, nimemsimamisha yeye, bila madoa na bila weupe, na uzi wake. Anayetaka kuingia inabidi amzunguke. Vijitabu nilikwenda kuvichukua kiwandani vyote mia tano, tukakata ukurasa wa kwanza kwa mkasi mimi na binti yangu, kimoja kimoja. Hatukuandika kingine mahali pake. Mimi! Mlinzi ameniuliza kama naumwa.

Binti yangu alisimama mbele yake muda mrefu. Halafu akajigusa chini ya jicho, pale penye kovu, ingawa yeye hana.

Nimeandika miaka ishirini na tano dhidi ya watu wale, na sikuwahi kujiuliza hasira yangu ilizaliwa nyumba gani. Na ile harufu, Shangazi. Katika dunia nzima nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja cha mama yangu, nikakitunza, nikasimama kwenye lifti za watu kwa ajili yake. Kumbe ndicho kilichomuua. Hiyo sijui niiweke wapi.

Kuhusu kukusamehe, usiniulize mwaka huu. Ulinisuka nywele kwa mikono ile. Ulikaa nami nilipougua surua, ukanipaka dawa usoni kwa brashi laini, nakumbuka ilivyonitekenya, nilikuwa nadhani kila mtoto anapakwa kwa brashi. Siwezi kukuchukia vizuri na siwezi kuacha.

Lakini nijibu jambo moja, na safari hii usinifiche. Mama hatazami kamera. Anatazama chini kidogo, pembeni, na kile si kicheko cha tangazo. Nimeona vya matangazo elfu moja, navijua. Yule anacheka kweli. Alikuwa anamcheka nani?

Pilipili


9 Julai

Marahaba, mwanangu.

Alikuwa anakucheka wewe.

Alikuja na wewe siku ile. Ulikuwa na miaka mitatu na nusu. Nilikukalisha juu ya meza yangu, karibu na mguu wa kamera, nikakwambia usiguse kitu. Ulisubiri nigeuke. Ukafungua kichupa cha rangi nyeupe, ukajipaka uso mzima, kope, midomo, masikio, mpaka huonekani. Halafu ukamwita kwa sauti, "Mama! Nitafute!"

Hapo ndipo mpiga picha alipobonyeza.

Kazi yote ikasimama. Bwana matangazo alikasirika kwa ajili ya rangi. Mama yako hakumsikiliza. Alikuja mezani, akalowesha pindo la blauzi yangu kwa mate, akaanza kukufuta taratibu. Jicho moja, la pili, pua, mdomo. Kila alipofika alikuwa anapiga hodi. Ulipomaliza kutokea akakushika mashavu, akakutazama kama mtu aliyetoka safari.

"Kumbe," akasema, "ulikuwa humu humu."